Viti vya Baba

Baba alikodisha viti.
Vya chuma, vya kukunja, vyenye kutu kwenye bawaba,
na mgongoni mwa kila kimoja namba nyekundu, mwandiko wake:
moja hadi mia mbili na kumi.
Harusi, matanga, kipaimara, mikutano ya wagombea,
nusu ya Jiji la Guatemala iliketi kwa hisani yetu.

Mwaka uliofuata tetemeko, vifusi vikiwa bado njiani,
alikuja Fermín Ovalle, kijana mziba pancha,
viatu vimeachama, Biblia kwapani.
“Don Eliseo, naomba viti kumi na viwili. Jumapili moja tu.”
Akalipa nusu. Nusu ya pili, akasema, Bwana atatoa.
Baba akacheka: “Huyo Bwana anakaa mtaa gani, nikamdai?”

Ilikuwa gereji. Harufu ya mpira ulioungua,
gitaa la nyuzi nne, wauza nyanya na aproni zao.
Jumapili ya pili, viti ishirini. Ya kumi, tisini.
Haba na haba, kibaba kikajaa, kikamwagika barabarani,
nami nimelala juu ya lori, nasikiliza watu wazima
wakinena kwa lugha ambayo si Kihispania
wala Kikiche cha bibi yangu,
mvua juu ya bati, isiyo na nukta wala mkato.

Waliamini nini? Nakwambia nilivyosikia:
Roho hakustaafu mitume walipokufa.
Figo husikia amri, ukiiita kwa jina.
Umaskini ni pepo, tena pepo mwenye anwani,
na apandaye quetzali moja huvuna mia.
Na mlevi aliyelala mtaroni jana
aweza leo kusimama mlangoni, amefunga tai, akigawa bahasha.
Hili la mwisho nililiona. Aliitwa Hermelindo, mjomba wangu.
Hakugusa chupa tena mpaka tulipomzika.
Basi usiharakishe kucheka.

Mama alipovimba miguu, Baba akapanda mbegu:
viti hamsini, bure, maisha.
Mchungaji, sasa ana suti, ana redio, akamwekea mikono.
Mama akaanguka, akainuka, akalivuka jukwaa lote bila fimbo.
Kanda ya siku ile iliuzwa miaka kumi.
Kanda haina Novemba.

Novemba alikuja usiku, peke yake,
mvua imemlowesha mpaka soksi.
Akakalia namba sabini na tatu, kile kibovu mguu mmoja,
kikawa kinamyumbisha.
Nilingoja anene. Kwa lugha yoyote.
Akashika kikombe mpaka kahawa ikapoa,
akaosha vyombo vyetu vyote, akaondoka.
Sijawahi kumpenda mtu vile,
wala kumchukia kama Jumapili iliyofuata,
alipousimulia tena mwendo wa Mama
akaishia palepale kanda inapoishia.

Kisha wakajenga. Kanisa la Mvua ya Vuli,
viti elfu kumi na mbili, vya mahameli,
vimekazwa sakafuni kwa skrubu.
Baba akauza vyake kwa kilo.
“Kijana yule alisema kweli,” alinung’unika kwenye mizani ya chuma chakavu,
“Bwana alitoa. Ila nusu yangu imechukua njia ndefu.”

Juzi nilikwenda. Maegesho yana majina ya makabila;
gari langu niliacha Naftali.
Uso wa Fermín ukutani, mkubwa kuliko ile gereji,
nywele nyeusi kuliko alivyokuwa nazo ujanani.
Nilitoka nje kutafuta hewa.
Kando ya geti, mlinzi alikuwa ameketi
juu ya chuma cha kukunja. Mgongoni, rangi nyekundu:
moja, nne, na tarakimu iliyofutika.
“Keti, mama,” akainuka, “unaonekana umechoka.”

Nikaketi. Kikalia, kama zamani.
Ndani, watu elfu kumi na mbili walikuwa wamesimama.